Kinga Haiongezi Deni: Kisa cha Dreadmaw na Wakabaji Wawili

Ubishi ulizuka kwenye mchezo wa kadi, juu ya swali moja: kiumbe mwenye uwezo wa kukanyaga, yaani kumpitishia mchezaji madhara yanayozidi ya kumuua anayemzuia, akikabwa (akizuiwa) na kiumbe mwenye kinga dhidi ya rangi yake, madhara ya ziada yanapita kwenda kwa mchezaji, au yanaishia palepale kwenye kinga? Yanapita. Ila anayeondoka na jibu hilo peke yake ameacha nyama akachukua mfupa. Kijana aliyeshindwa alikuwa na kadi ya kumwokoa mkononi, aliisoma vizuri, akaitumia kwa nia sahihi, na bado akashindwa, kwa sababu aliitoa muda umeshapita. Nataka nieleze muda huo ulipita lini hasa, maana watu waliokuwa wamezunguka meza wengi wao walidhani ulipita kwenye shambulio.

Mchezo wenyewe ni Magic: The Gathering, ule wa Richard Garfield uliotolewa na Wizards of the Coast mwaka 1993. Kundi letu hapa Dodoma ni dogo: wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), wawili watatu walioajiriwa, na wadogo zao wanaokuja kutazama kisha wanaishia kucheza. Refa mwenye cheti hatuna. Kitabu cha kanuni kinapatikana bure mtandaoni, lakini ni kirefu mno na kiko kwa Kiingereza cha kisheria, kwa hiyo mara nyingi hoja inashinda kwa sauti. Hilo linaniuma, kwa sababu kanuni za mchezo huu zimeandikwa kwa uangalifu mkubwa na zinastahili kusomwa kwa uangalifu uleule.

Siku hiyo tulikuwa Ipagala, chini ya mwarobaini, upepo wa mchana ukipuliza kama kawaida ya Dodoma. Kila deki, yaani rundo la kadi za mchezaji, ilikuwa na jiwe juu yake. Dadu zilikuwa zinatumika kuhesabu uhai, hivyo madhara juu ya viumbe tuliyaandika kwa punje za karanga: dhara moja, punje moja, inawekwa juu ya kadi na inabaki pale hadi mwisho wa zamu. Naomba msomaji azikumbuke punje hizo, kwa sababu hesabu yote ya kisa hiki inazitegemea.

Hali mezani

Mshambuliaji alikuwa dada mmoja anayefanya kazi ofisini kule Mtumba, deki yake ni ya kijani na nyekundu. Mezani alikuwa na kiumbe mmoja tu wa maana, Colossal Dreadmaw: nguvu 6 (madhara anayotoa), uimara 6 (madhara yanayotosha kumuua), rangi ya kijani, na neno moja chini yake, Trample, ambalo sisi tunaliita kukanyaga. Aliingia zamu iliyopita, kwa hiyo sasa alikuwa huru kushambulia. Mkononi dada alibakiwa na kadi moja.

Upande wa pili alikuwa kijana wa mwaka wa pili chuoni, deki nyeupe yenye vyuma. Uhai wake, ambao ukiisha ameshindwa, ulikuwa 4. Mezani alikuwa na viumbe wawili, wote wamesimama (kadi zao hazijalazwa upande, alama ya kuwa zimetumika): Siege Mastodon, nguvu 3 uimara 5, mweupe, na Darksteel Myr, nguvu 0 uimara 1, kiumbe wa chuma asiye na rangi ambaye kadi inasema haharibiki. Alikuwa na ardhi moja nyeupe haijalazwa, yaani kadi inayotoa mana ya kulipia kadi nyingine, na kadi moja mkononi. Kadi hiyo ilikuwa Gods Willing: kwa mana moja nyeupe, papo hapo, kiumbe wako mmoja anapata kinga dhidi ya rangi utakayoitaja hadi zamu iishe, kisha unaangalia kadi moja ya juu ya deki yako na kuamua ibaki au iende chini.

Kabla ya kushambulia, dada alitoa Flame Slash. Ni kadi nyekundu ya mana moja, inampiga kiumbe mmoja madhara 4. Akamlenga Mastodon.

Hapo watazamaji walicheka. Mastodon ana uimara 5, madhara 4 hayamuui. "Dada umeunguza kadi," mmoja alisema. Kijana naye aliangalia Gods Willing yake, akafanya hesabu ambayo karibu kila mchezaji angeifanya: Mastodon haondoki, ya nini kupoteza kinga? Akasema, "Sawa, inapita." Dada akachukua punje nne za karanga akazipanga juu ya kadi ya Mastodon, mbili mbili, kisha akamlaza Dreadmaw.

"Nashambulia."

Kijana akakaba kwa wote wawili, Mastodon na Myr. Dada akauliza kama ana la kuongeza. Kijana akalaza ardhi yake nyeupe, akaweka Gods Willing mezani, akamlenga Mastodon na kutaja kijani. Akaangalia kadi ya juu ya deki, akaibakisha.

"Mastodon moja, Myr moja, wewe nne," dada alisema. "Umekufa, mdogo wangu."

"Hapana dada. Mastodon hapigiki na kijani. Huwezi kumuua kwa huyo Dreadmaw hata ukae hapa mpaka jioni. Sasa ziada itoke wapi na wa kwanza hajafa? Na Myr ndiyo kabisa, haharibiki. Madhara yako yote yamekwama."

Hoja hiyo si ya kitoto, na sitaki ichukuliwe hivyo. Kijana alikuwa ameielewa kinga ilivyo: madhara kutoka kwa kitu chenye rangi iliyotajwa yanazuiwa yote, hayafiki. Alikuwa ameelewa pia kwamba kukanyaga kunataka mkabaji apangiwe kwanza madhara ya kumuua ndipo ziada ipite. Akaunganisha mawili hayo: kama kumuua haiwezekani, sharti halitimii kamwe. Kwa mantiki ya kawaida inaonekana haina tundu. Nusu ya waliokuwepo walikuwa upande wake.

Kinachofanyika pale madhara yanapogawiwa

Kanuni ya 702.19 ndiyo inayoongoza kukanyaga. Kwa maneno yangu, inasema hivi: mwenye kiumbe anayeshambulia anaanza kugawa madhara kwa wanaomkaba. Wote wakishapangiwa madhara ya kuua, kilichobaki anaweza kukigawa anavyotaka kati ya wakabaji hao na mchezaji anayeshambuliwa. Kisha inakuja sentensi iliyoua hoja ya kijana. Unapopima kama mkabaji amepangiwa madhara ya kuua, unatazama uimara wake, unatazama madhara ambayo tayari anayo zamu hiyo, na unatazama madhara anayopangiwa na viumbe wengine katika hatua hiyohiyo ya vita. Hutazami uwezo wowote utakaobadilisha kiasi cha madhara kitakachomfikia kweli.

Kwa hiyo kipimo hakiulizi "atakufa?" Kinauliza "amepangiwa kiasi gani?" Ni kama kulipa madeni. Kila mkabaji anadai kiasi chake, na kiasi hicho ni uimara wake ukitoa kile alichokwisha kupokea. Ukishamhesabia kila mmoja fungu lake, hela inayobaki ni yako kuipeleka unakotaka. Kama fungu la mmoja wao linapotea njiani kabla halijamfikia, deni lake halikuwa kubwa zaidi kwa sababu hiyo.

Hesabu ya meza ile basi ni fupi. Mastodon: uimara 5, punje nne ziko juu yake, anadai 1. Myr: uimara 1, hana punje, anadai 1. Jumla 2. Dreadmaw ana 6. Zinabaki 4. Kijana ana uhai 4.

Ninachopenda kuwaonyesha wanaojifunza ni kwamba mambo matatu yaliyokuwa mezani yanafanya kazi kwenye hatua tofauti, na hayaonani. Kukanyaga kunafanya kazi madhara yanapogawiwa. Kinga inafanya kazi yanapotua: yale yaliyopangwa kwa Mastodon yanafutwa, hapati hata moja. Kutoharibika kunafanya kazi baada ya hapo, mchezo unapokagua nani ana madhara ya kutosha kufa: Myr anayo, lakini kadi yake inasema haondoki, kwa hiyo anabaki. Dhara moja lililopangwa kwa Mastodon lilizuiwa, dhara moja lililopangwa kwa Myr lilitua bila kumuondoa, na madhara 4 yalitua kwa mchezaji ambaye hana kinga yoyote. Gods Willing ilimlenga Mastodon. Haikumlenga yeye.

Ukiitazama hivyo utaona kinga ilifanya kazi yake kwa ukamilifu. Mastodon alitoka kwenye vita bila kuongezewa hata punje moja ya karanga. Bila ile kadi angekufa. Tatizo ni kwamba mwenye Mastodon ndiye aliyekuwa anahitaji kuokolewa.

Kitabu chenyewe cha kanuni kina mfano unaofanana na huu: kiumbe wa kijani 6/6 mwenye kukanyaga anakabwa na 2/2 mwenye kinga dhidi ya kijani. Mshambuliaji lazima ampangie mkabaji angalau 2, japo zitazuiwa, halafu zilizobaki zinaenda kwa mchezaji. Tulipousoma kwenye simu, ubishi ulipoa. Kijana aliusoma mwenyewe, mara mbili, akasema, "Kumbe wanahesabu kabla."

Ndiyo, wanahesabu kabla. Tena hakuna mwanya kati ya kuhesabu na kutua. Hili lina historia, na linafaa kutajwa kwa sababu makala za zamani mtandaoni bado zinawachanganya watu. Hadi mwaka 2009, madhara ya vita yakishagawiwa yalisubiri kwanza, na wachezaji waliweza kutoa kadi yakiwa yanasubiri. Toleo la Magic 2010, lililotoka 2009, liliondoa kusubiri huko. Siku hizi dada akishataja "moja, moja, nne" madhara yametua. Hakuna wa kuingiza kadi katikati. Nafasi ya mwisho ni baada ya kutangaza wakabaji, na kijana aliitumia nafasi hiyo kihalali. Mtu mmoja alitaka kudai kwamba alichelewa kwa sekunde kadhaa. Hakuchelewa, na hata angewahi kabla ya kukaba matokeo yangekuwa yaleyale.

Kuna na badiliko la pili. Kabla ya Novemba 2024, mshambuliaji aliyekabwa na wengi alipaswa kuwapanga foleni na kumaliza wa kwanza kabla ya kumgusa wa pili. Toleo la Foundations liliifuta foleni hiyo. Kwa kisa chetu haibadilishi kitu: mwenye kukanyaga anayetaka ziada ipite lazima awalipe wote, foleni iwepo isiwepo.

Mchezo ulikwisha wapi

Sasa sehemu ninayoiona kuwa ya maana kuliko zote.

Watu walipokubali kwamba ziada inapita, wakaanza kutafuta kosa la kijana kwenye shambulio. Labda angekaba na Myr peke yake? Myr anadai 1, zinapita 5, amekufa. Mastodon peke yake? Anadai 1, zinapita 5, amekufa. Asikabe kabisa? Zinapita 6. Labda Gods Willing angempa Myr? Myr angedai 1 ileile. Kila njia unayoijaribu kuanzia pale Dreadmaw alipolazwa inafika kaburini. Uamuzi wake wa kukaba kwa wote wawili ulikuwa bora kuliko yote, na bado ulikosa dhara moja tu la kuzuia.

Rudi nyuma hadi Flame Slash. Kadi ile imetolewa, inamlenga Mastodon, bado haijafanya kazi. Kijana ana ardhi nyeupe na Gods Willing. Akiitoa pale na kutaja nyekundu, Mastodon anakuwa na kinga dhidi ya nyekundu, na kitu chenye rangi hiyo hakiwezi kumlenga. Flame Slash inakosa mlengwa halali, inaenda makaburini (rundo la kadi zilizokwisha kutumika) bila kufanya chochote. Hakuna punje hata moja ya karanga juu ya Mastodon.

Kisha dada anashambulia. Mastodon anadai 5. Myr anadai 1. Jumla 6. Dreadmaw ana 6. Ziada: sifuri. Mastodon anakufa, kwa sababu kinga aliyonayo ni ya nyekundu na Dreadmaw ni wa kijani. Myr anabaki kwa sababu haharibiki. Kijana anabaki na uhai wake 4 wote, na ameshaangalia kadi yake inayofuata. Hajashinda, lakini anacheza zamu nyingine.

Kadi ni ileile, mana ni ileile, anayelindwa ni yuleyule. Tofauti ni kwamba kule mwanzo kinga ingezuia punje zisiwekwe, na punje zisingewekwa, deni lingebaki kubwa. Kule mwisho kinga ilizuia dhara ambalo lilikuwa limeshahesabiwa kuwa limelipwa. Dada aliliona hili kabla hajashambulia. Flame Slash yake haikulenga kuua; ilikuwa inakula uimara ambao Dreadmaw angelazimika kuulipa dakika moja baadaye. Madhara 4 aliyompiga Mastodon ndiyo 4 yaliyompiga kijana. Aliyecheka kwamba kadi imeungua hakuwa anamtazama Dreadmaw.

Ndiyo maana nasisitiza kuandika madhara juu ya kiumbe hata kama hayamuui. Kwenye meza nyingi nimeona watu wakisema "hafi, acha" na kuendelea bila alama. Kwa mshambuliaji wa kawaida si tatizo kubwa, kwa sababu mkabaji ama anakufa ama hafi, na asiye na kukanyaga akishakabwa madhara yake yote yanaishia kwa wakabaji hata kama yanazidi mara kumi. Akija mwenye kukanyaga, kila alama inageuka kuwa uhai wa mtu.

Mabadiliko madogo yanayogeuza hesabu

Mjadala ulihamia kwenye "je kama", kama ilivyo ada. Nyingine nazieleza kwa kirefu, nyingine zinatosha kwa sentensi.

Je, kijana angekuwa na kitu cha kumwongezea Mastodon uimara? Hapo mambo yanabadilika, kwa sababu uimara unaingia kwenye kipimo. Chukua Giant Growth, kadi ya kijani inayoongeza nguvu 3 na uimara 3 hadi zamu iishe. Ingetolewa baada ya kukaba, Mastodon angekuwa na uimara 8, punje nne ziko juu yake, anadai 4. Ongeza 1 ya Myr, jumla 5. Inapita 1, kijana anabaki na 3. Kwa mkabaji wa mwenye kukanyaga, kuongeza uimara kunakulinda wewe. Kinga inamlinda yeye tu. Kadi mbili zinazoonekana kufanya kazi moja, na moja tu kati yake inaokoa mchezo.

Je, angemrudisha Mastodon mkononi baada ya kukaba, kwa kadi ya buluu kama Unsummon? Ingemuokoa Mastodon na kumuua mwenyewe haraka zaidi: anabaki Myr peke yake, zinapita 5. Na kama wakabaji wote wangeondoka mezani, Dreadmaw angepeleka 6 zote kwa mchezaji. Kiumbe asiye na kukanyaga angekuwa amekwama, kwa sababu akishakabwa amekabwa, hata mkabaji akitoweka. Unsummon hiyohiyo ingemlenga Dreadmaw, shambulio lingeisha.

Je, Dreadmaw angekuwa amevaa Basilisk Collar? Hii ndiyo iliyonifurahisha. Kola hiyo inampa kiumbe mguso wa kifo, na pia mwenye kiumbe anapata uhai sawa na madhara anayotoa. Kwa mwenye mguso wa kifo, dhara 1 linahesabika kuwa la kuua kwa kiumbe yeyote. Kwa hiyo hata kama kijana angeitoa Gods Willing mapema dhidi ya Flame Slash, Mastodon mzima mwenye uimara 5 angedai 1 tu, Myr 1, na 4 zingepita. Myr haharibiki, lakini kipimo hakijali hilo, kama tulivyoona. Dhidi ya kukanyaga kukiwa na mguso wa kifo, ukubwa wa mkabaji hauna maana. Idadi ya wakabaji ndiyo yenye maana.

Na uhai unaopatikana kwa kola? Hapa tunarudi kwenye kutua. Kama Mastodon ana kinga dhidi ya kijani, dhara lililopangwa kwake halikutua, kwa hiyo halileti uhai. Dada angegawa 6 na kupata uhai 5. Mmoja akauliza, kola si chuma kisicho na rangi, kwa nini kinga dhidi ya kijani ifanye kazi? Kwa sababu anayetoa madhara ni Dreadmaw, si kola. Kola inampa uwezo tu.

Kushambulia Planeswalker (aina nyingine ya kadi inayoweza kushambuliwa) badala ya mchezaji: ziada inaenda kwa Planeswalker huyo, na ikimzidi haivuki kwenda kwa mwenye naye. Mkabaji mwenye Trample: neno hilo halimsaidii kitu anapokaba.

Niongeze moja ambayo haikuulizwa siku ile. Kuna kadi zinazotaja madhara ya ziada nje ya vita, na watu wanazichanganya na kukanyaga. Flame Spill, ya toleo la Ikoria la 2020, inampiga kiumbe madhara 4, na yanayozidi ya kuua yanaenda kwa mwenye kiumbe. Ukiilenga kwa Darksteel Myr mwenye uimara 1, Myr anachukua 1 na mwenye Myr anachukua 3. Kutoharibika hakumsaidii bwana wake hapo pia. Lakini kinga ingemsaidia, na hili ndilo linalowachanganya watu, kwa sababu Flame Spill inalenga. Mpe Myr kinga dhidi ya nyekundu kabla haijafanya kazi na kadi nzima inaanguka, pamoja na ziada yake. Dreadmaw hakumlenga mtu. Alishambulia, na wakabaji ndio waliomfuata. Halafu kuna zile kadi zinazosubiri kiumbe apigwe ziada ndipo zifanye jambo, mfano Toralf, God of Fury. Hizo zinatazama madhara yaliyotua kweli, kwa hiyo yaliyozuiwa na kinga hayahesabiwi, na Toralf mwenyewe hajali madhara ya vita. Kukanyaga kunapanga ziada kabla. Kadi hizi zinaipima baada. Mtu akikuambia "ziada ni ziada tu", muulize anaongelea ipi.

Swali la kijana

Tulipomaliza, dada aliomba warudishe meza kama ilivyokuwa kabla ya Flame Slash ili wajaribu upya. Nilipenda alivyofanya hivyo bila kujigamba. Ushindi wake ulikuwa halali na hakudaiwa chochote. Karanga zikaondolewa, Dreadmaw akasimamishwa, Gods Willing ikarudi mkononi.

Flame Slash ikatoka tena. Kijana akaishika kadi yake, akasita, akauliza: "Na kama sasa hivi nikitaja kijani badala ya nyekundu? Si Dreadmaw naye hatampiga Mastodon? Napata mawili kwa moja."

Ni swali zuri, kwa sababu linajaribu kuona mbele zamu nzima. Tukalipitia polepole. Flame Slash ni nyekundu. Kinga dhidi ya kijani haiigusi, kwa hiyo inatua na Mastodon anawekewa punje nne. Dada anashambulia. Mastodon anadai 1, Myr anadai 1. Dhara linalopangwa kwa Mastodon linazuiwa, la Myr linatua bila kumuondoa, na 4 zinapita. Mastodon anaishi, Myr anaishi, mchezaji amekufa, kama mara ya kwanza.

Akataja nyekundu. Flame Slash ikaenda makaburini. Dada akafikiri kidogo, akashambulia vilevile, kwa sababu shambulio lilikuwa bado linamlazimisha kijana atoe wakabaji wote wawili na kumpoteza Mastodon, wakati Dreadmaw angepokea madhara 3 tu na kubaki hai. Kijana akakaba kwa wote wawili bila kuulizwa. Tano kwa Mastodon, moja kwa Myr, na dadu ya uhai ikabaki kwenye 4.